Joto Linapoingia Katika Modeli ya Malaria

Modeli ya kompyuta inayoiga uenezaji wa malaria haina budi kupewa hali ya hewa. Vimelea vya Plasmodium falciparum hukomaa ndani ya mbu kwa kasi inayotegemea joto: kwa kanuni ya Detinova, huchukua takriban siku 28 katika nyuzi joto 20 za Selsiasi, lakini siku 12 tu katika nyuzi 25. Mbu wengi hufa kabla ya siku 28.

Joto likiandikwa ndani ya programu kama namba moja isiyobadilika, Lushoto milimani na Tanga pwani huwa kitu kimoja. Ndiyo maana programu husomeshwa faili lenye tarehe na joto la kila siku. Joto huwa kichocheo cha nje. Mtafiti hubadili faili bila kugusa hesabu.

Lakini faili nalo laweza kupotosha. Kipimajoto kikiharibika kwa wiki kadhaa, siku hizo huachwa tupu. Programu ikiusoma utupu huo kama sifuri, ukuaji wa vimelea husimama, na malaria hupungua kwenye skrini ilhali wodi zimejaa. Heri programu isimame na kuitaja tarehe yenye pengo, kuliko kutoa jibu litakalopotosha ugawaji wa vyandarua.