Mfupa wa Mbwa na Ini la Kondoo

Mfugaji wa pande za Nanyuki anapochinja kondoo, mbwa wake ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Huketi kando ametega masikio, akingoja fungu lake. Nyama huenda chunguni, ngozi huanikwa, matumbo huoshwa. Lakini ini likionekana lina vifuko vya maji, mwenye nyumba hulitazama kwa kinyaa, akalikata na kumtupia mbwa. Hudhani ametenda mema mawili kwa mara moja: amewaepusha jamaa zake na kitu kichafu, tena amemlipa mlinzi wake ujira. Kumbe hapo ndipo alipouingiza ugonjwa nyumbani mwake.

Shauri la chakula cha mbwa limezungumzwa sana ulimwenguni katika miaka ya karibuni. Huko Australia, daktari wa wanyama aitwaye Ian Billinghurst alitoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 1993, na mwenzake Tom Lonsdale akatoa chake mwaka 2001. Wote wawili walifundisha kwamba mbwa apewe mifupa mibichi yenye nyama, kama walavyo jamaa zake wa porini, badala ya vyakula vikavu vya viwandani. Watu wengi wa Ulaya na Marekani wameyafuata mafundisho hayo.

Katika nchi ya Laikipia hoja hiyo haimshangazi mtu. Mbwa mwitu wa nyanda zile huwinda dikidiki na swala, nao hawajui moto wala chungu. Mbwa wa bomani naye ametafuna mifupa mibichi tangu zamani za mababu. Basi yafaa kuuliza: je, desturi hiyo ni njema au ni mbaya? Jibu ni kwamba inategemea ni kiungo gani cha mnyama kinachotupwa.

Mfupa mbichi wenye nyama, uliotoka kwa mnyama mzima aliyekaguliwa, si adui wa mbwa. Humpa chokaa ambayo nyama tupu haina. Mtoto wa mbwa alishwaye nyama peke yake mifupa yake hulegea. Kinachodhuru zaidi ni mfupa uliopikwa, kwa kuwa moto huukausha, nao ukivunjwa hutoa vipande vikali viwezavyo kutoboa utumbo. Mifupa minene ya miguu ya ng'ombe nayo huvunja meno. Wala mwenye mbwa asione haya kumpa ugali uliochanganywa na mabaki ya nyama. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba mbwa, kwa kuishi na wanadamu maelfu ya miaka, amepata uwezo wa kusaga vyakula vya wanga kupita mbwa mwitu wa Ulaya.

Hatari kubwa imo katika ini na mapafu mabichi. Vile vifuko vya maji ni ugonjwa uitwao haidatidi. Ndani yake mna vichelewa vya tegu mdogo sana, ambaye hata akikomaa urefu wake ni milimita chache tu. Mbwa akila kifuko kimoja, maelfu ya tegu waweza kukua katika utumbo wake. Yeye mwenyewe haonyeshi dalili. Hubweka, hulinda na kucheza kama kawaida. Baada ya wiki sita au saba tegu hao huanza kutoa mayai, nayo hutoka pamoja na mavi ya mbwa, hushika manyoya yake, na kutawanyika katika malisho, bustani za mboga na visima. Baridi na unyevu huyahifadhi mayai hayo kwa miezi mingi, na nchi iliyo chini ya Mlima Kenya haikosi baridi wala umande.

Kondoo akila majani yenye mayai, vifuko huota katika ini lake, na mzunguko ukaanza tena. Mtoto akimshika mbwa manyoya, kisha akala bila kunawa, vifuko vyaweza kuota katika ini lake yeye. Huko hukua polepole, pengine kwa miaka mingi bila maumivu, hata tumbo livimbe. Kifuko kikipasuka, maji yake yaweza kumwua mgonjwa. Tiba yake ni dawa ya kumeza kwa muda mrefu, na mara nyingi kisu cha daktari.

Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba mtu hauambukizwi kwa kula ini lenye vifuko. Si kwamba ini hilo lafaa kuliwa. Ila mdudu yule ni lazima apite kwanza tumboni mwa mbwa ndipo aweze kumdhuru mwanadamu. Kwa hiyo yule mwenye nyumba aliyemtupia mbwa ini, akidhani anawakinga watoto wake, ndiye aliyewajengea adui daraja.

Kaskazini mwa Kenya, katika Turkana, ugonjwa huu umewahi kuonekana kwa wingi kupita karibu mahali pengine pote duniani. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kuupiga vita huko: kuwatibu mbwa, kuwapima watu na kuwafundisha wafugaji. Wala si vita visivyoshindika. Nchi ya Iceland, yenye kondoo wengi na baridi kali, ilisumbuliwa sana na haidatidi katika karne ya 19. Mwaka 1864 mtaalamu wa Denmark aitwaye Harald Krabbe aliandika kijitabu chepesi, kikagawiwa watu bure. Waliojua kusoma waliwasomea wengine. Watu wakaacha kuwapa mbwa viungo vibichi, serikali ikaweka sheria juu ya mbwa, na katika karne ya 20 ugonjwa ukakomeshwa kabisa.

Mkulima wa Nanyuki, wa Timau au wa Naro Moru anaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama kubwa. Siku ya kuchinja, mbwa afungwe kamba. Ini au mapafu yenye vifuko yachomwe moto, au yafukiwe katika shimo refu ambalo mbwa na fisi hawawezi kulifukua. Ini na mapafu mengine, hata yakionekana safi, yakatwe vipande na kuchemshwa muda usiopungua dakika 40 kabla ya mbwa kupewa. Kichwa cha kondoo kisitupwe kibichi, kwa maana ubongo wake huweza kuwa na mdudu mwingine, aletaye ugonjwa wa kuzunguka katika kundi zima. Mifupa mibichi itoke kwa mnyama aliyekaguliwa na mkaguzi wa nyama. Mwenye kuigawa anawe mikono kwa sabuni, na penye mtoto mchanga au mgonjwa ni heri nyama ya mbwa ipikwe. Tena mbwa apewe dawa ya prazikwanteli kwa majira, kwa shauri la daktari wa wanyama. Mahali penye ugonjwa mwingi hupewa kila wiki sita.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mbwa ni rafiki mwaminifu, naye hastahili kulaumiwa, kwani hakujitupia ini. Mwenye kisu mkononi ndiye mwenye kuamua. Aliyesoma habari hizi na amweleze jirani yake asiyejua kusoma, kabla ya kondoo mwingine kuchinjwa.