Picha Moja Kila Juma

Katika mazungumzo yetu ya leo tungependa tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo wengi huliona kuwa mchezo tu, yaani kupiga picha. Hatutazungumza juu ya picha za arusi, wala picha za wakubwa. Tutazungumza juu ya picha za siku za kawaida, na juu ya desturi ya watu wengine ya kupiga picha moja kila juma, mwaka mzima.

Kwa nini jambo hili ni la maana? Fikirini juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu amepata kukiona. Mtu anapofariki katika jamaa, moja ya kazi za kwanza ni kutafuta picha yake. Inatakiwa ya kutia katika tangazo, na nyingine ya kuweka karibu na jeneza. Basi sanduku la zamani hufunguliwa, vijana hutafuta katika simu zao, na shangazi huulizwa. Mara nyingi, baada ya kutafuta sana, inayopatikana ni ile ya kitambulisho, nayo hukuzwa mpaka uso unafifia. Mama amelea watoto wanane, amelima, ameuza mboga sokoni, amecheka na kuimba kwa miaka sabini. Na sura yake inayobaki ni ile ya siku aliyoambiwa akae wima, atazame mbele, asitabasamu. Wajukuu wakiuliza, "Je, nyanya alikuwa mtu wa namna gani?" picha hiyo haina jibu la kuwapa.

Tena, tazameni picha zile nyingine zilizomo sandukuni. Mtaona arusi, ubatizo, siku ya kumaliza shule, Krismasi, na maziko. Zote ni siku kubwa. Lakini je, maisha yetu ni siku kubwa tu? Mwaka una siku 365, na siku kubwa labda hazifiki kumi. Zilizobaki ni siku za kuchota maji, kuchambua maharagwe, kungoja matatu, kusuka nywele mlangoni, na kumwogesha mtoto katika karai. Hizo ndizo siku tunazoishi kweli, nazo ndizo zinazopita bila kuacha alama.

Hapo zamani palikuwa na sababu ya jambo hilo. Mfaransa mmoja aliyeitwa Nicéphore Niépce alipopiga picha kutoka dirishani kwake, karibu na mwaka 1826, ilimlazimu aache chombo chake kitazame nje kwa saa nyingi, ndipo mapaa ya nyumba yakaonekana. Baadaye Mfaransa mwenziwe, Louis Daguerre, alipata njia ya upesi zaidi. Mwaka 1838 alipiga picha ya barabara kubwa ya mji wa Paris. Barabara hiyo ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini ukiitazama picha utaona kana kwamba mji umehamwa. Sababu ni kwamba chombo kilihitaji dakika kadhaa, na kila aliyekuwa akitembea alipita bila kushikwa.

Lakini pembeni, chini, yuko mtu mmoja. Amesimama, ameinua mguu, anapigwa rangi viatu vyake. Kwa kuwa alitulia mahali pamoja, picha ilimshika, na pamoja naye anaonekana kwa kufifia yule aliyekuwa akimsafishia viatu. Wataalamu huhesabu kwamba hao wawili ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha ya kamera. Majina yao hayajulikani. Matajiri wote waliopita barabarani wakati ule katika magari yao hawakuonekana hata kidogo. Aliyebaki mpaka leo ni mtu aliyesimama kwa ajili ya viatu, na fundi aliyeinama akifanya kazi yake ya kila siku.

Miaka ikapita, na kamera zikawa rahisi. Mwaka 1900, huko Marekani, kampuni ya Kodak ilianza kuuza kamera ndogo ya sanduku iliyoitwa Brownie kwa bei ya dola moja, na watu wa kawaida wakaanza kujipigia picha wenyewe. Kwetu Kenya, watu wengi kwa muda mrefu walitegemea studio za mjini. Mtu alivaa nguo zake nzuri, akasimama mbele ya pazia lililochorwa maua au ndege ya abiria, akalipa, kisha akangoja. Wako pia wapiga picha waliowangoja watu kwenye bustani ya Uhuru Park siku za sikukuu, na wale wa Likoni, Mombasa, karibu na kivuko, waliopamba vibanda vyao kwa rangi za kupendeza. Filamu ilikuwa na nafasi 12, au 24, au 36, na kila nafasi ilikuwa pesa. Nani angetumia pesa hiyo kumpiga mama picha akiwa na masizi mikononi? Hatuwezi kuwalaumu wazee wetu.

Siku hizi sababu ile imeondoka. Simu ya mkono ina kamera, na kubonyeza hakugharimu kitu. Lakini limekuja shaka jingine. Sasa tuna picha nyingi mno. Kijana hupiga mia moja kwa siku moja, wala hatazami hata moja juma linalofuata. Kisha simu huibwa, au huanguka majini, au hujaa, na miaka mitatu ya maisha ya jamaa hupotea kwa siku moja. Wazee walikosa picha kwa sababu zilikuwa ghali. Sisi twaweza kuzikosa kwa sababu ni rahisi.

Ndiyo maana ile desturi ya picha moja kila juma inafaa. Ni kama mkulima anayechagua mbegu: hahifadhi mavuno yote, bali huchagua punje nzuri na kuzitunza.

Wako watu waliotuonyesha mfano. Jamie Livingston, kijana wa Marekani, alianza tarehe 31 Machi 1979 kupiga picha moja kila siku kwa kamera ya Polaroid, ile inayotoa picha papo hapo. Aliendelea kwa zaidi ya miaka 18. Alipiga marafiki zake, chakula mezani, vyumba, barabara za New York, na mambo ambayo mtu mwingine angeyapita. Kisha akapatwa na ugonjwa wa kansa, lakini hakuacha. Hospitali imo, na arusi yake ya mwezi ule wa mwisho imo. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyotimiza miaka 41. Aliacha zaidi ya picha 6,000, nao marafiki zake wakazipanga kwa taratibu na kuzionyesha mwaka 2007 katika chuo cha Bard, ambako alikuwa amesoma. Mtu akizitazama kwa mfululizo huona maisha mazima ya mtu mmoja, na nyingi kati yake ni siku za kawaida kabisa.

Mwingine, Nicholas Nixon, alimpiga picha mkewe pamoja na dada zake watatu mara moja kila mwaka, tangu mwaka 1975 hadi 2022. Kila mara walisimama kwa mpango ule ule. Ukitazama picha mbili zinazofuatana, huoni tofauti kubwa. Lakini ukiweka ya kwanza karibu na ya mwisho, unaona wasichana wamekuwa wazee. Hapo twajifunza kwamba nguvu ya kazi hii ni kurudia. Picha moja peke yake ni kidogo. Zikifuatana huanza kusema.

Sasa mtu atauliza, "Mimi sina kamera kubwa, wala si fundi. Nifanye nini?" Tungependa kuwapa mashauri machache.

La kwanza, chagueni siku moja ya juma na mwishike nayo, labda Jumamosi jioni au Jumapili baada ya chakula. Kila siku ni mzigo kwa watu wenye kazi, na mara moja kwa mwaka ni kidogo mno kwa mtoto anayekua. Mara moja kwa juma mtakuwa na picha 52 kwa mwaka, na kwa miaka kumi 520. Mkikosa juma moja, msikate tamaa. Endeleeni juma linalofuata.

La pili, msiwapange watu kama wanajeshi. Mwacheni baba atengeneze baiskeli yake, mwacheni mama apepete mchele. Pigeni mikono pia, na vitu: sufuria iliyotobolewa kwa kuzeeka, kiti cha babu, viatu vya shule vilivyopangwa mlangoni. Miaka ishirini ijayo vitu hivyo havitakuwapo, na ndivyo mtakavyovitamani. Tena, anayepiga picha siku zote mwishowe hukosekana katika picha zote. Basi mpeni mtu mwingine kamera mara kwa mara.

La tatu, angalieni mwanga. Mwanga wa asubuhi na wa jioni ni laini, lakini jua la saa sita hutia vivuli vyeusi machoni. Ndani ya nyumba, mwekeni mtu auelekee mlango ulio wazi au dirisha. Akiupa mwanga mgongo, uso wake utakuwa giza. Hayo tu yawatosha waanzao.

La nne, andikeni. Picha isiyo na jina, baada ya miaka hamsini, ni ya mgeni. Andikeni ni nani, ni wapi, tarehe gani, na neno moja juu ya siku ile: "Mvua ya kwanza," au "Siku ng'ombe alipozaa." Nyuma ya picha ya karatasi tumieni kalamu ya risasi, wala msikandamize, kwa maana wino huweza kupenya na kuharibu upande wa pili.

La tano, tunzeni. Zilizo katika simu ziwekeni mahali pengine pia, ili moja ikipotea nyingine ibaki. Kisha mwisho wa mwaka peleka zile bora, hata kama ni kumi na mbili tu, zikachapishwe. Zihifadhini mbali na moshi, unyevu, jua na mchwa.

Kuna onyo pia, nalo ni la kusikizwa. Kamera yaweza kuheshimu, na yaweza kudhalilisha. Si haki kumpiga mtu picha akiwa mgonjwa, au amelewa, au analia, kisha kuitawanya watu wacheke. Mwombeni mtu ruhusa kwanza. Akikataa, wekeni kamera chini bila kununa. Watoto wa wengine wasipigwe bila wazazi kujua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, lakini hata kabla ya Katiba adabu ilitufundisha kupiga hodi mlangoni. Basi na tupige hodi kabla ya kuchukua sura ya mtu. Na kitabu cha picha cha jamaa ni cha jamaa. Si lazima kila picha ionwe na dunia.

Huenda mmoja wenu anafikiri, "Siku zangu hazina jambo la kupigwa picha. Kila siku ni ile ile." Ndugu yetu, yule aliyesimama Paris kusafishiwa viatu huenda alifikiri hivyo hivyo. Tena wanaofanya kazi hii hupata faida moja wasiyoitazamia. Baada ya majuma machache huanza kuangalia. Anayejua kwamba Jumamosi atapiga picha, huanza Jumanne kutazama. Huona jinsi mkewe anavyofunga kitambaa chake, na jinsi mtoto anavyolala mkono chini ya shavu. Mambo hayo yalikuwapo siku zote. Aliyekuwa hayupo ni yeye, kwa maana mawazo yake yalikuwa mbali.

Basi tunawapa kazi ya juma hili. Kabla hatujakutana tena, kila mmoja na achague mtu mmoja nyumbani mwake, hasa mzee ambaye picha yake ni ile ya kitambulisho tu. Mwombe ruhusa, kaa naye kwanza, mwulize habari za kazi anayoifanya, kisha piga picha moja akiwa katika kazi hiyo. Andika jina lake na tarehe. Usingoje siku ya sikukuu, wala usingoje avae nguo mpya.

Twawatakia juma jema, ninyi na watu wa nyumbani mwenu. Kwaherini.