Kasi, Thamani na Amana: Waya za Kompyuta Sokoni Naif

Mtaani Naif, huko Deira, Dubai, ambako wafanyabiashara wa pwani yetu huenda kununua bidhaa, hukutwa waya mbili zenye vichwa vya USB-C vilivyofanana kabisa, ilhali bei ya moja ni mara kadhaa ya nyingine. Iliyo ghali ni ya Thunderbolt, teknolojia ya kuunganisha vifaa na kompyuta. Thunderbolt, iliyoletwa na Intel na Apple mwaka 2011, na ambayo toleo lake la tatu la 2015 hupitisha hadi gigabiti 40 kwa sekunde, hudai waya iliyoundwa kwa uangalifu mkubwa. Ughali huo, kwa rai yangu, si dhuluma.

Linalonitia hofu ni usalama. Kasi ile hupatikana kwa kukipa kifaa idhini ya kuifikia kumbukumbu ya kompyuta moja kwa moja, bila ya kupitia prosesa. Na mwaka 2020 Björn Ruytenberg, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, alidhihirisha kwamba mtu mwenye bisibisi na zana chache, akiachiwa kwa dakika chache kompyuta iliyolala yenye Thunderbolt, aweza kuifungua pasipo nywila. Kinga dhidi ya hila hiyo imo katika baadhi ya kompyuta zilizotoka tangu 2019, wala haiongezwi katika zilizotangulia. Basi mwenye kununua kompyuta iliyotumika na aulize kwanza mwaka wake, na ikiwa ni ya zamani, aizime kabisa kila aiachapo.