Nadharia na usomaji wa matini: mfano wa «Vocabulaire» ya Élisabethville

Wanafunzi wa fasihi huuliza mara nyingi nadharia inawafaa nini. Matini wanayo na lugha wanaijua. Kwa nini basi wasiisome moja kwa moja? Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kutaja majina ya wananadharia. Hujibiwa kwa kuonyesha matini ambayo pasipo nadharia hueleweka vibaya. Lubumbashi inao mfano ufaao.

Mwaka 1965, mji huo ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, André Yav aliandika historia yake kwa Kiswahili cha wenyeji, kwa niaba ya watu waliopata kuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Maandishi hayo yalipewa jina la Kifaransa, «Vocabulaire», yaani msamiati. Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo.

Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili sanifu huona kwanza makosa: maneno yamekatwa pasipostahili, mengine yameunganishwa, na vituo ni haba. Mwanahistoria wa nyaraka naye husikitika kwamba matukio hayafuati utaratibu wa miaka. Wote wawili waweza kuiweka matini kando wakidhani wamekwisha kuisoma. Kumbe nao wanayo nadharia, ila hawajaitamka. Wa kwanza anaamini kwamba maandishi mema ni yale yanayotii tahajia moja. Wa pili, kwamba historia ni mfuatano wa tarehe. Hakuna asomaye bila nadharia. Tofauti ni kati ya anayeijua yake na asiyeijua.

Nadharia iliyotamkwa huleta maswali mengine. Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alieleza jinsi maandishi yawezavyo kuhifadhi desturi za usemaji: kurudia, kuongeza jambo juu ya jambo, kuielekea hadhira kama iliyopo. Hapo mhakiki huuliza matini hii inasikikaje. Fabian alifuata njia hiyo: Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, aliisoma kwa sauti, na sehemu zilizokuwa fumbo kwa macho zikaeleweka kwa masikio.

Gérard Genette, mwaka 1972, alitenganisha maswali mawili: nani anasema, na nani anaona. Swali la pili lina uzito mkubwa hapa, kwa kuwa utawala wa kikoloni unatazamwa na watu waliowapikia na kuwafulia mabwana. Hans Robert Jauss naye, katika mhadhara wake wa mwaka 1967, alisisitiza matarajio ya wasomaji. Jina «Vocabulaire» linaahidi orodha ya maneno, lakini msomaji anapewa historia. Badala ya kuhukumu kwamba mwandishi amekosea, mhakiki huchunguza ni utanzu gani unaozaliwa hapo.

Hata hivyo nadharia ina hatari yake. Mwanafunzi anayeichagua kabla ya kusoma hufanana na fundi anayeshona nguo kabla ya kumpima mwenyewe. Anayeshika nadharia ya usemaji peke yake aweza kumgeuza Yav kuwa sauti tu, ilhali Yav aliamua kuandika, akachagua jina na kupanga habari zake. Hapo matini yenyewe huisahihisha nadharia, na mhakiki mwaminifu hukubali kusahihishwa.

Kipimo cha nadharia, basi, ni kuona jambo lililokuwamo katika matini na ambalo halikuonekana kabla yake. Katika mfano huu jambo hilo si dogo. Kwa macho ya tahajia peke yake, Yav ni mtu asiyejua kuandika. Akisomwa kwa maswali yaliyotajwa juu, yeye ni mwandishi, na wenzake waliotumika jikoni ni watu wenye historia yao.