Kabla ya Kulipia Dawa ya Mimea, Piga Picha ya Karibu

Januari mwaka jana mamangu alinitumia picha ya nyanya zake kutoka Bahati. Majani yalikuwa yameanza kuwa manjano, mengine yamekauka kama yamepitiwa na moto. Picha yenyewe ilikuwa haieleweki: rangi ya kijani, rangi ya manjano, na kidole chake gumba pembeni. Picha hiyo hiyo alimtumia mwenye duka moja la agroveti, naye hakukawia kujibu: "Hiyo ni ukungu, mama. Nakutumia dawa na boda."

Mama akalipa shilingi 850 kwa simu, na 100 za boda. Wiki moja baadaye hali ilikuwa mbaya zaidi, akaambiwa alipe 1,200 za dawa nyingine "kali kidogo". Akalipa.

Pesa zilifika na dawa zikafika. Shida ni kwamba nyanya hazikuwa na ukungu.

Nilipoenda nyumbani wikendi, nilikuwa na kalenzi kadogo ka kubana kwenye simu, nilikokuwa nimenunua kwa ajili ya kupiga picha za maua. Nikageuza jani moja, nikapiga picha upande wa chini. Tulipoikuza kwenye skrini, tuliona vijidudu vyekundu vyenye miguu minane vikitembea kwenye utando mwembamba. Ulikuwa utitiri mwekundu. Utitiri si ukungu, na hata si mdudu wa kawaida. Ni jamaa ya buibui na kupe, na una dawa zake. Zile chupa mbili za mama hazikuwa na kazi hapo.

Hapa huwa tunakukumbusha uangalie jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN. Leo tunarudi nyuma hatua moja zaidi: hakikisha unajua unalipia nini. Simu ile ile unayolipia inaweza kukusaidia kujua.

Lenzi ya kubana inafanya nini?

Jaribu kusogeza simu karibu sana na jani. Ukifika kama sentimita 8 hivi, simu nyingi hushindwa kuona vizuri na picha inakuwa na ukungu. Lenzi ya kubana ni kioo kidogo kilichopinda kinachokaa mbele ya kamera na kuiruhusu iende karibu zaidi. Ni kazi ile ile ya miwani ya kusomea.

Wazo lenyewe ni la zamani. Miaka ya 1670, mfanyabiashara wa vitambaa huko Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alitumia lenzi moja ndogo aliyoitengeneza mwenyewe akaona viumbe ndani ya tone la maji ambavyo hakuna aliyekuwa amewahi kuvieleza. Wafanyabiashara wa vitambaa wa wakati wake walitumia vioo vya kukuza kukagua nyuzi kabla ya kununua. Yaani hata wakati huo, watu waliangalia karibu kwanza ndipo wakatoa pesa.

Lenzi hizi huandikwa 10x, 15x na kadhalika. Kuna hesabu rahisi: gawanya 250 kwa nambari hiyo, utapata umbali wa kupiga picha kwa milimita. Lenzi ya 10x inataka uwe milimita 25 kutoka kwa jani, yaani upana wa vidole viwili visivyo vinene. Ya 15x inataka kama milimita 17. Ukiwa mbali zaidi ya hapo, hata ufanye nini, picha haitakaa sawa. Wengi hudhani lenzi yao ni mbovu, kumbe wamesimama mbali.

Kwa anayeanza, 10x inatosha. Lenzi yenye nambari kubwa sana hukulazimisha uende karibu mno, hadi simu yenyewe inaziba mwanga.

Kuinunua bila kulizwa

Mimi nilinunua yangu mjini Nakuru kwa shilingi 650, kwa muuzaji wa vifaa vya simu. Zingine ni ghali zaidi. Ukinunua dukani, ijaribu kabla ya kulipa: ibane kwenye simu yako, piga picha ya rula au ya maandishi madogo kwenye pakiti yoyote. Katikati ya picha panafaa kuwa safi. Pembeni pakififia kidogo usijali, lenzi za bei nafuu ndivyo zilivyo.

Angalia pia kama kibanio kinafika kwenye kamera yako kuu. Simu zenye kamera tatu au nne nyuma husumbua hapa. Njia ya kuijua kamera kuu: fungua programu ya kamera kwenye 1x, halafu funika kamera moja moja kwa kidole. Ile inayofanya skrini iwe nyeusi ndiyo yenyewe.

Ukinunua mtandaoni, omba kulipa ukishapokea mzigo. Muuzaji akikataa, lipa kwa nambari ya tili ya biashara wala si kwa nambari ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa tofauti na jina la duka, simama hapo hapo uulize. Usifute ujumbe wa uthibitisho mpaka uwe na mzigo mkononi.

Hatua za kupiga picha

1. Safisha kwanza. Vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi halina huruma. Futa lenzi na kamera kwa kitambaa laini kama cha miwani. Usitumie kona ya shati.

2. Piga asubuhi. Saa tatu au saa nne upepo bado haujaamka vizuri. Kwa umbali huu mdogo, jani likitikisika kidogo tu picha imeharibika.

3. Tafuta kivuli chenye mwanga. Jua kali hutoa madoa meupe na vivuli vyeusi. Simama jua likiwa nyuma yako, ukinge jani kwa mwili wako, kisha weka karatasi nyeupe kando yake irudishe mwanga. Zima fleshi, kwa umbali huu hutoa mng'ao mtupu.

4. Tuliza jani. Lilaze juu ya kitabu au kipande cha katoni. Ukilichuma, lipige picha mara moja kabla halijanyauka.

5. Sogeza simu, usiguse kitufe cha kuvuta picha. Anza karibu kabisa, halafu rudi nyuma polepole mpaka ile sehemu unayoitaka iwe wazi. Egemeza viganja juu ya meza au magoti yako.

6. Gusa skrini pale penye mdudu au doa. Simu nyingi, ukishikilia kidole kidogo, hufunga fokasi isihame.

7. Piga picha nyingi. Kwa karibu hivi, sehemu inayoonekana safi ni nyembamba sana, wakati mwingine haifiki milimita moja. Piga kumi, bakisha mbili. Jani likilala sambamba na simu, sehemu kubwa zaidi itakuwa wazi.

Unatafuta nini kwenye picha?

Kwa nyanya, geuza jani kwanza, kwa sababu utitiri hukaa chini ya jani. Ukubwa wake ni kama nusu milimita, kwa hivyo macho matupu huona vumbi jekundu tu. Ukiona miguu minane na utando, hiyo si kazi ya dawa ya ukungu. Usikimbilie dawa yoyote ya wadudu pia, maana baadhi huua wale wadudu rafiki wanaokula utitiri, na utitiri unaongezeka. Hali ya joto na ukavu, kama ya Januari na Februari, ndiyo unaipenda. Ukungu wa nyanya na viazi, kwa upande wake, hupenda baridi na unyevunyevu.

Kwenye nyanya pia kuna *Tuta absoluta*, iliyoripotiwa Kenya mwaka 2014. Kiwavi chake hula katikati ya jani, kikiacha mabaka mapana yanayopitisha mwanga, yenye uchafu mweusi ndani. Usilichanganye na mistari myembamba ya kuzungukazunguka, hiyo huachwa na kiwavi cha nzi mdogo.

Kwa mahindi, kuna viwavijeshi vamizi walioingia Kenya mwaka 2017. Piga picha ya kichwa na ya mkia. Kichwani utaona alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mwisho wa mwili madoa manne meusi yaliyopangwa kama kona za mraba. Viwavi wengine hawana mpangilio huo.

Kama unataka msaada, ipo programu ya bure iitwayo PlantVillage Nuru, ya Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na FAO. Hukagua dalili kwenye jani kupitia kamera ya simu, inaongea Kiswahili, na hufanya kazi hata bila intaneti. Lakini isiwe ndiyo jibu la mwisho. Mpelekee picha afisa wa kilimo wa wadi yako. Walio upande wa Njoro wana bahati zaidi, KALRO na Chuo Kikuu cha Egerton viko hapo.

Tuma picha isiharibike njiani

Hapa ndipo kazi nzuri hupotea. WhatsApp hupunguza ubora wa picha ili itumie data kidogo, na ule utitiri uliopambana nao asubuhi nzima unageuka nukta. Tuma picha kama dokyumenti, au chagua ubora wa HD kabla ya kutuma.

Tuma picha hizi: mmea mzima, jani upande wa juu na wa chini, halafu ile ya karibu. Andika ni zao gani, lina umri gani, tatizo lilianza lini na umeshapuliza nini. Mtaalamu akiwa na hayo, hatakisia.

Dawa ikifika, piga picha ya lebo

Maandishi kwenye chupa za dawa ni madogo ajabu, na wazazi wetu wengi hawawezi kuyasoma. Yapige picha kwa lenzi, uyakuze. Angalia mambo manne: jina la mdudu au ugonjwa inaoutibu, nambari ya usajili ya PCPB, ambayo ndiyo bodi inayosajili dawa za wadudu na magonjwa ya mimea Kenya, tarehe ya mwisho ya matumizi, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Tatizo lako lisipotajwa kwenye lebo, irudishe kabla hujaifungua. Picha ya lebo pamoja na ujumbe wa malipo ni ushahidi wako mkizozana na muuzaji.

Si mkulima?

Lenzi hii ina kazi hata kwako. Ukiuza viondo, shanga au nguo, picha ya karibu ya mshono humwonyesha mteja anacholipia, na maswali yanapungua. Ukinunua simu ya mtumba kwa mtu usiyemjua, mwombe picha ya karibu ya kona za skrini na tundu la chaja, kukiwa na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni. Mwenye mali halisi hutuma kwa dakika chache. Ukianza kupewa visingizio, usitume hata mia ya kushikia. Na wewe pia, usimtumie mtu picha ya kitambulisho chako wala ya PIN uliyoandika mahali.

Mama alinunua dawa moja zaidi, ya utitiri, baada ya afisa wa kilimo kuona picha na kumtajia aina ya kuulizia. Mistari miwili ya nyanya tuliing'oa, ilikuwa imechelewa. Iliyobaki ilizaa. Sasa lenzi inakaa kwake, kwenye kopo la vifungo juu ya kabati, na siku hizi picha anazonitumia hazina kidole gumba.