Kabla hujanunua boti, tafuta mwalo kwanza



Kuna meseji inatufikia mara kwa mara kutoka kwa watu wa Mara, na zote zinafanana. "Admin, nauza dagaa na sato mtandaoni, nimepata mtumbwi wa bei nzuri, ninunue?" Sisi tunajibu kwa swali: utaulaza wapi?

Hapo wengi wananyamaza. Mtu amepiga hesabu ya mbao, injini, mafuta na vibarua, hadi ya kuupiga mtumbwi picha za kuweka status. Ila sehemu ya kulaza chombo hajaifikiria, anaona ziwa lote lile, nafasi itakosekanaje?

Inakosekana. Kule Ulaya, kwenye pwani za Mediterania zinazopendwa na wenye boti za matanga, nafasi kwenye gati inalipiwa kwa urefu wa boti, na kuna sehemu mtu anajiandikisha na kusubiri miaka. Sisi Musoma hatuna magati ya starehe ya namna hiyo. Tuna mwalo. Lakini ukikaa ukafikiria, anachotafuta yule mwenye boti ya milioni mia ndicho unachotafuta wewe mwenye mtumbwi wa mkono wa pili: maji matulivu, ulinzi, njia ya kutoa mzigo, na majirani wanaokujua.

Mimi na shemeji yangu tulijifunza hili kwa hela yetu. Tulikuwa tunauza dagaa kwa WhatsApp, wateja wengi wako Butiama, Kiabakari na Bunda, wachache Arusha. Mzigo tulikuwa tunauchukua kwa watu wa kati pale Mwigobero. Tukasema aah, tukiufuata wenyewe kisiwani Rukuba, faida yote ya mtu wa kati inabaki kwetu. Tukanunua mtumbwi wa mbao na injini ya HP 15. Ndugu yetu mmoja alikuwa na kiwanja kinachogusa ziwa, nje kidogo ya mji. Akasema lazeni hapa, bure. Bure! Nani anakataa?

Kiwanja kile kilikuwa kinatazama magharibi, wazi kabisa, hakuna kisiwa wala mwamba wa kukinga. Tulienda kukiona asubuhi, maji shwari, tukafurahi. Hatukujua kwamba upande wetu huu wa ziwa, mchana jua likishachoma nchi kavu, upepo unatoka majini kuja kwetu. Kuanzia kama saa nane hivi mawimbi yanaanza kuusukuma mtumbwi kwenye mawe. Leo, kesho, kila siku. Mwezi wa pili ubao wa ubavuni ukafunguka. Fundi akaja, pamba, kalafati, misumari, siku nne chombo kiko juu. Na sisi tulikuwa tumeshapokea hela za oda! Tukarudisha pesa kwa watu tisa. Wiki tatu baadaye tukaamka injini haipo. Mlinzi hatukuwa naye, jirani hatukuwa naye, wa kumuuliza hatukuwa naye.

Wateja watatu kati ya wale tisa hawajarudi mpaka leo. Injini nyingine tulinunua, lakini mteja wa mtandaoni akishaona amelipa na mzigo haukuja, jina lako analipeleka kwenye magrupu kabla hujamaliza kujitetea.

Sasa twende kazi. Ukitaka kupima mwalo, usiende asubuhi tu. Nenda saa tisa au saa kumi mchana, kaa uone mawimbi yanavyoingia. Mwezi wa sita hadi wa nane, upepo ukiwa mkali, ndiyo kipimo kizuri zaidi. Angalia mitumbwi ya wenyeji imelala upande gani. Ukiona wote wamejibana kona moja na upande wa pili ni mweupe, usijione mjanja ukaenda kulala peke yako pale peupe. Wana sababu.

Halafu rudi tena wakati wa mbalamwezi. Hii wengi hawaijui. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti dagaa vizuri, kwa hiyo mitumbwi ya dagaa inapumzika. Yote inarudi mwaloni kwa pamoja. Mwalo uliouona una nafasi wakati wa giza, wakati wa mbalamwezi hauna hata pa kupitisha kasia. Ukiahidiwa nafasi, uliza: na mbalamwezi je?

Sehemu tulivu nazo zinagombewa. Tangu mikopo ya boti za kisasa na vizimba ilipozinduliwa Mwanza Januari 2024, watu wengi wa kanda hii wanatazama ziwa kwa jicho la biashara. Mwenye vizimba vya samaki na wewe mwenye mtumbwi mnaitaka kona ileile isiyo na mawimbi. Na kona zilizojikinga sana zina tabia ya kukusanya magugu maji. Upepo ukigeuka, unaamka asubuhi unakuta zulia la kijani, propela inajifunga, safari imekufa. Waulize wazee wa hapo kama magugu yanaingia na yanakaa siku ngapi.

Tukija kwenye mialo yenyewe, hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Mwigobero iko sokoni kabisa, Musoma mjini. Ukishusha mzigo pale, wanunuzi, bodaboda na wabebaji wako hapohapo. Lakini kuna msongamano, na kuna boti za abiria wanaovuka kwenda Kinesi. Huwezi kulaza chombo njiani mwao halafu ukaenda kunywa chai. Makoko iko pembeni ya mji, unahema kidogo, ila unaongeza gharama ya kufikisha mzigo stendi. Kama wateja wako wako Bunda, usijitese kuleta kila kitu Musoma kisha ukirudishe kwa gari. Guta iko karibu na Bunda mjini. Kisorya kuna pantoni ya kwenda Rugezi, Ukerewe, kwa hiyo kuna watu na magari, ila njia ya pantoni iheshimu. Kibara ni nzuri kwa anayekusanya mzigo upande ule wa Mwibara, lakini mpaka ufike barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari umeshatembea.

Butiama mjini, pale Mwitongo, ziwa haliko karibu. Ndiyo maana wateja wa huko ni wazuri, wanakutegemea. Ila wanakutegemea kwa saa. Mzigo wa Kiabakari ukikosa gari la asubuhi, unakaa na dagaa wako mpaka jioni. Kwa hiyo hesabu ya mwalo ianzie stendi kurudi nyuma: gari linaondoka saa ngapi, bodaboda inatumia dakika ngapi, kushusha na kufunga ni muda gani, basi chombo kifike mwaloni saa ngapi. Kuna mama mmoja wa Bunda anayeuza sato wabichi kwa oda, yeye alihama mwalo wa bei rahisi akaenda wa bei juu kwa sababu moja tu, barafu. Pale pa kwanza barafu ilikuwa inatoka mbali, samaki wanaanza kulegea njiani.

Ukishapenda sehemu, usianze na mwenye kiwanja. Anza na BMU, yaani kile kikundi cha usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi. Nenda kwa mwenyekiti au katibu, jitambulishe kwa adabu, sema unatoka wapi, chombo chako kinafanya nini, nani atakuwa nahodha. Mgeni anayetua usiku bila kujulikana anadhaniwa mvuvi haramu au mwizi wa nyavu, na ukidhaniwa hivyo hutalala vizuri wewe wala mtumbwi wako. Ukijulikana, mambo yanageuka. Upepo ukikata kamba yako saa tisa usiku, kuna mtu atakupigia simu.

Makaratasi nayo. Chombo cha uvuvi kinasajiliwa na kukatiwa leseni kupitia ofisi ya uvuvi ya halmashauri, hiyo ni Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Kama unabeba mizigo au watu, kuna TASAC, wao wanaangalia usalama wa chombo. Usimsikilize anayekwambia "huu si mtumbwi tu". Ushuru wa halmashauri ulipe upewe risiti ya mashine. Hela ya mlinzi ni makubaliano yenu, iandikeni kwenye daftari, mweke sahihi. Na hao abiria wa kuokota njiani kwa sababu mtumbwi umerudi mtupu, waache. Ajali ya MV Nyerere pale Ukara, 20 Septemba 2018, ilichukua zaidi ya watu 200, na kivuko kile kilikuwa kimebeba kupita uwezo wake. Jaketi okozi kwa kila aliyemo, hata kama mko watatu.

Jambo jingine, maji yenyewe yanahama. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likavuka kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wanakisimulia, na 2024 likapanda tena. Watu waliokuwa na vibanda vya injini na mafuta karibu na maji wakaona vinaelea. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwa hiyo akikuambia mtu "nitakujengea stoo hapahapa, hatua kumi kutoka mtumbwi", mshukuru uondoke. Tafuta chumba cha kupanga kwa mwenyeji aliye juu kidogo, injini ibebwe begani kila jioni. Inachosha, najua. Kununua injini mara mbili kunachosha zaidi, niulize mimi.

Na kama chombo chako ni cha mbao, usikubali kile cha "upandishe nchi kavu mwezi mzima mpaka ukihitaji". Mbao zikikauka juani zinasinyaa, maungio yanafunguka, siku ya kushusha unachota maji kwa ndoo badala ya kubeba dagaa. Boti ya fiba haina shida hiyo, ila nayo haipendi kusugua mawe.

Kuna watu watasoma hapa waseme admin umetutisha. Hapana. Ila kama oda zako hazijafika safari mbili kwa wiki, kukodi nafasi kwenye boti ya mtu inaweza kuwa nafuu kuliko kulaza ya kwako, maana mlinzi analipwa hata siku ambazo hujasafiri. Andika kwa mwezi mmoja: safari ngapi, kila moja imekulipa nini. Toa mlinzi, chumba cha injini, ushuru, fundi. Kinachobaki ndicho kikuambie kama ni wakati wa kununua.

Sisi tulihama. Mtumbwi sasa umelala katikati ya mitumbwi mingine kumi na kitu, kwenye kona iliyokingwa, mlinzi ni mzee mmoja mwenye tochi na mbwa wawili wasiopenda mtu. Tunamlipa kila Jumamosi, hata mbalamwezi. Safari zetu ni Jumanne na Ijumaa, tunaondoka alfajiri tunarudi kabla ya saa sita, upepo haujaamka. Mzigo wa Kiabakari na Butiama unalala umefungwa, unapanda gari la kesho yake asubuhi, na mteja anapata picha ya gunia likiwa na jina lake kabla halijaondoka stendi.

Ukitaka kwenda kupima mwalo wiki hii, beba daftari, nenda mchana, na anza kwa kumsalimia katibu wa BMU.