Mkanda wa mashine ya kusaga unapopanda ndege

Kwenye mashine ya kusaga ya dizeli, iwe Mwera wilayani Pangani au kwingineko, puli kubwa ya injini huzungusha puli ndogo ya kinu ili kiende kasi zaidi. Mafundi wanaojiundia ndege ndogo hugeuza mpango huo.

Injini nyingi za magari madogo hutoa nguvu kubwa zikizunguka kama mara 5,500 kwa dakika. Propela ya mita 1.7 ikifungwa moja kwa moja hapo, ncha zake hupita kasi ya sauti, takriban mita 340 kwa sekunde. Kelele huzidi, msukumo hupungua. Puli ya propela ikiwa na meno mara mbili ya ile ya injini, mizunguko hushuka hadi 2,750.

Mkanda wa meno ni mwepesi kuliko giaboksi na hauhitaji oili. Lakini uzito usipunguzwe kwenye shafti na beringi, kwani mkanda uliokazwa huzivuta upande mmoja saa zote. Shafti ikikatika, propela hung'oka angani. Hapo ndipo pa kutumia fedha.

Mtambo ujaribiwe kwa saa nyingi ukiwa umefungwa ardhini, na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) kipatikane kabla ya kuruka.